Betri ndogo ndio inalaza magari ya umeme, tuache kusingizia ile kubwa

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Bombo. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita na naona watu wanapoteza pesa bure. Kila nikipita na gari yangu ya umeme, iwe Matugga nimesimama kununua nanasi, iwe Kawempe kwenye jam, swali ni lile lile, "Afande, hiyo betri ikifa utafanyaje?" Na wanamaanisha ile kubwa iliyolala chini ya viti. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari ya ile ndogo ya volti 12, na hiyo ndogo ndio ilinilazia gari, na nikiuliza wenzangu wenye hizi gari nakuta ni hiyo hiyo imewasumbua.

Gari yangu ni Nissan Leaf ya 2013, betri yake kubwa ni ya kilowati-saa 24, niliichukua kwenye bondi Kampala, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa nje, kwa kulipa kidogo kidogo na kabla sijatoka getini wakanifungia traka, kile kifaa cha kufuatilia gari iko wapi, kama wanavyofanya kwa kila anayelipa hivyo. Mwezi uliopita tukapata msiba Arua, mjomba wangu, tukapanda basi maana Leaf hii haiwezi kwenda mbali hivyo, tukakaa wiki tatu mpaka mambo ya msiba yakaisha. Kurudi jioni nabonyeza rimoti, kimya. Nikatoa ule ufunguo wa chuma unaofichwa ndani ya rimoti, nikafungua mlango kwa mkono, ndani giza totoro, nakanyaga breki nabonyeza swichi, hata taa moja haikuwaka. Na niliiacha na vijiti vya chaji 9 kati ya 12 kwenye dashibodi.

Nikaita makanika. Kijana mzuri tu, ana gereji yake, watu wanamwamini, na Toyota za petroli anazijua sana. Akazunguka gari mara moja, akabonyeza swichi mara mbili, akatikisa kichwa, "Pole sana afande, hapa betri kubwa imekufa, hizi gari zikikaa tu zinakufa hivi." Akanitajia shilingi milioni 14 kwa betri iliyotumika, ama anitafutie mtu wa kuinunua kwa ajili ya spea. Boneti hakufungua, mita hakutoa. Usiku ule sikulala Mhariri, nakwambia ukweli, maana deni la gari bado nalipa na mama watoto alikuwa ameshaniambia toka mwanzo tununue Premio ya petroli.

Sasa mimi nilifanya kazi ya mawasiliano jeshini miaka mingi, betri za madini ya risasi na asidi nimezibeba mpaka zikanitoboa mashati, kwa hio asubuhi nikatoa mita yangu ya zamani nikafungua boneti. Pale mbele, mahali ambapo hata gari ya petroli inawekaga betri, kuna betri ya kawaida kabisa, ile saizi mafundi wetu wanaita NS60. Nikagusa tamino, zile ncha mbili za betri, mita ikasoma volti 10.3. Hapo hapo nikajua. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu, 12.0 ni kama robo, na chini ya 11.8 hesabu haina kitu. 10.3 hio ni maiti.

Jirani akaleta Corolla yake, tukaunganisha jampa, zile waya za kuazima umeme, nikabonyeza swichi, dashibodi ikawaka yote, ikaingia READY, yaani tayari kuendeshwa, na vijiti vikaonekana 9 vile vile nilivyoviacha. Yaani ile betri ya milioni 14 haikuwa na shida hata kidogo, ilikuwa imekaa pale chini imeshiba inangoja tu kuitwa. Kesho yake asubuhi gari ikalala tena maana ile NS60 ilikuwa imeshaharibika, haishiki chaji, nikaenda soko la spea la Kisekka nikanunua mpya kwa 320,000, na mpaka leo sijasumbuka. Piga hesabu kati ya 320,000 na milioni 14 uone kwa nini nimekasirika.

Wengi hawajui gari ya umeme ina betri mbili, na wanaojua wanauliza mbona ile kubwa isiendeshe kila kitu. Sababu ni hii. Ile kubwa ina umeme wa hatari, kwa Leaf unazidi volti 350, waya zake ni zile nene za rangi ya machungwa ambazo hata fundi hatakiwi kuzigusa hovyo. Kwa hio ukizima gari, swichi kubwa za ndani zinaachia na ile betri inatengwa kabisa na gari yote, ili watu wasiuawe. Na hizo swichi ili zishike tena zinataka umeme mdogo wa volti 12, na kompyuta zinazoamua kama ni salama kushika nazo zinakula volti 12, na kufuli za milango, na taa, na honi, vyote volti 12. Ni kama ghala limejaa mahindi mpaka juu ila ufunguo umepotea, utalala njaa mlangoni. Ile ndogo ina kama wati-saa 540 tu, ile kubwa 24,000, yaani mara 44 hivi, lakini mdogo asipoamka mkubwa hawezi kufanya lolote.

Na nani anaichaji hio ndogo? Gari ya petroli ina alteneta inayozungushwa na injini, sisi hatuna. Kuna konvata inayochukua umeme wa betri kubwa na kuushusha mpaka volti 13 au 14 hivi. Lakini inafanya kazi gari ikiwa READY au ikiwa inachajiwa. Gari ikiwa imezimwa ile ndogo iko peke yake, inatoa tu haiingizi, isipokuwa magari mengine yanaamka yenyewe mara moja moja kuiongezea kidogo.

Nataka nikae kidogo kwenye hili, kwamba ndogo ya gari ya umeme inakufa bila kutoa dalili, maana ndio linawadanganya watu wote mpaka mafundi. Gari ya petroli ikianza kuchoka betri inakwambia. Asubuhi unapiga stata inaguna, ng'uu ng'uu, taa zinafifia, wiki nzima inakulalamikia, mpaka mtoto mdogo nyumbani anajua betri ya baba inaisha. Stata inavuta ampia 100 na zaidi kwa mara moja, kwa hio ni kipimo ambacho kila asubuhi unakifanya bila kujua. Gari ya umeme haina stata. Kompyuta na zile swichi zinavuta ampia chache tu, betri mbovu iliyobaki na uwezo kidogo sana bado inaweza kuziamsha, leo sawa, kesho sawa, kesho kutwa ikashuka kidogo chini ya mstari na kompyuta ikakataa. Kwa hio mwenye gari anasema ilikuwa nzima kabisa jana, na anasema kweli, na fundi anasikia ilikuwa nzima jana anaona basi kitu kikubwa kimekatika.

Alafu kinachoinyonya. Kila gari ya kisasa hata imelala inakula kidogo, rimoti inasikilizwa, alamu iko macho, saa inatembea. Sasa ongeza traka. Tuseme vyote kwa pamoja vinavuta miliampia 50, kitu kidogo hata huwezi kukiona, lakini zidisha kwa saa 24 unapata ampia-saa 1.2 kwa siku, na kwa siku 30 ni 36, na NS60 mpya kabisa ina kama 45. Kama ilikuwa imeshachoka nusu, wiki mbili zinatosha. Wale walioweka kamera ya kioo inayorekodi gari ikiwa imepaki wao hawahitaji hata mwezi, miliampia 250 inamaliza ampia-saa 6 kwa siku, wiki moja betri imekwisha. Na wenye magari mapya zaidi wenye programu kwenye simu, kila ukifungua programu kuangalia chaji imefika wapi unaiamsha gari, na ikiamka inakula, wengine wanaichungulia mara ishirini kwa siku kama mtoto mchanga.

Lakini kibaya kuliko vyote ni kukaa haijajaa. Hapa watu wa solar watanielewa haraka. Betri ya risasi ikitoa umeme, kwenye plati zake kunajengeka salfeti, kitu cheupe, na ukiichaji mapema kinayeyuka kinarudi kwenye asidi. Ukiiacha wiki na wiki iko nusu, kile cheupe kinakomaa, kinakuwa chembe kubwa ngumu, hakiyeyuki tena, na sehemu hio ya plati imekufa. Ndio maana NS60 yangu hata baada ya jampa na kuendesha mpaka Kampala na kurudi ilikuwa inaonyesha 12.5 jioni, asubuhi hakuna kitu. Chombo kimejaa mchanga, maji utakayomimina ni kikombe tu.

Na kwenye Leaf yangu niliona kitu kingine. Nilichomeka kimita kidogo kwenye soketi ya kuwashia sigara, nikiwasha inapanda 14.3, vizuri, lakini baada ya muda mfupi inashuka mpaka 13.0 na inabaki hapo safari nzima. 13.0 inazuia betri isishuke, lakini kuijaza iliyochoka haitoshi, ile sehemu ya mwisho ya chaji inataka volti za juu kidogo na saa nyingi. Na sisi wengi safari zetu ni fupi, kanisani, msikitini, sokoni, shule. Kwa hio betri inaishi maisha yake yote ikiwa na njaa kidogo, haijawahi kushiba hata siku moja.

Joto nalo linaua, betri ya risasi ikiishi kwenye joto lililozidi kwa digrii 10 umri wake unakatika karibu nusu, watu wa Gulu na Arua wanaoegesha juani wajue hilo. Ila kwa huku kwetu Kampala na Bombo, hali ya hewa ni nzuri, sikubali joto ndio mshtakiwa wa kwanza.

Mshtakiwa wa kwanza kwangu ni ile safari ya kuja huku na ule muda wa bondi. Fikiria gari inatoka Japani, inakaa yadi, inapanda meli, inashuka Mombasa, inangoja bandarini, inapita Malaba, inafika bondi inakaa tena miezi. Muda wote huo ndogo inatoa tu. Ikifika bondi imekufa, wanaijampa, mteja anakuja anafungua milango, anajaribu redio, taa, viti, dakika kumi, wanazima, imekufa tena, kesho wanaijampa mteja mwingine. Kila mara inazama mpaka chini na hakuna anayeichaji mpaka ijae. Wewe siku unayoinunua inawaka vizuri kwa sababu asubuhi ile imejampwa. Umenunua gari na betri iliyouawa zamani, miezi miwili mbele inakuangukia mikononi na unaambiwa magari ya umeme ni mabovu. Hapana jamani.

Sisemi konvata haiharibiki. Inaharibika, na hata kwa mapya. 2024 Hyundai waliagiza yarudishwe zaidi ya magari 145,000 Marekani peke yake, yakiwemo Ioniq 5, kwa sababu kile kifaa cha kuchaji betri ya volti 12 kinaweza kuungua, na kikiungua ndogo inaisha na gari inapoteza nguvu hata ukiwa barabarani. Na Tesla kuanzia 2021 walianza kuachana na betri ya risasi wakaweka ndogo ya lithiamu. Kwa hio hata wenye viwanda wameona hapa ndio pana udhaifu. Lakini ukitaka kujua kama konvata yako ni nzima ni rahisi, weka gari READY, pima tamino za ndogo, ukiona 13 na kitu au 14 konvata inafanya kazi, ukiona 12 na inashuka hapo ndio uanze kuhofia.

Wenye haibridi, zile gari za petroli na umeme pamoja, msidhani hii barua haiwahusu, tena nyie ndio wengi zaidi. Prius na Aqua za Toyota ziko vile vile, injini haiwashwi na ile ya volti 12, ile ndogo inaamsha kompyuta tu. Jirani yetu mmoja muuguzi alikuwa na Aqua, asubuhi moja akitoka zamu ya usiku taa zote za onyo zikawaka kwenye dashibodi, za breki, za usukani, za mfumo wa haibridi, gari ikagoma. Volti zikishuka kompyuta zinachanganyikiwa na kuwasha kila taa. Gereji wakamwambia haibridi imekwisha, bei aliyotajiwa hakuwa nayo, akaiuza kwa pesa ambayo hata pikipiki mpya mbili huwezi kununua. Aliyeinunua akainua kiti cha nyuma, akabadilisha betri ndogo iliyoko pale chini, na anaiendesha mpaka leo, inapita mbele ya mlango wa yule mama. Alikuwa amelipia ile gari kwa mkopo wa mshahara miaka mitatu. Hili linaniuma kuliko langu.

Na ukibadilisha usikubali kufungiwa yoyote iliyopo dukani. Kwenye Prius nyingi za zamani betri ndogo iko ndani ya buti, kwa hio inatakiwa aina iliyofungwa yenye bomba la kutoa hewa nje, ukiweka ile ya kawaida ile gesi yake ya haidrojeni inabaki ndani na watu. Na hakikisha upande wa tamino, kuna yenye chanya kushoto na yenye chanya kulia, fundi akigeuza kwa haraka zake fyuzi kubwa inaruka na hapo sasa umejitengenezea ugonjwa wa kweli. Tena usitumie gari yako ya umeme kuijampa lori ya mtu eti kwa sababu ina betri kubwa, stata ya lori itavuta kupitia kwenye hio ndogo na konvata, haikutengenezwa kwa kazi hio. Yenyewe kuiamsha inahitaji kidogo sana, hata betri ya pikipiki inatosha. Prius za aina hiyo zikifa hata buti haifunguki maana inafunguliwa kwa umeme, lakini kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti kuna sehemu ya kushikia jampa, waulize mafundi wako kama wanaijua kabla hawajavunja kitu.

Sasa ninachoomba. Wenye mabondi, ile gari ikishuka kwenye lori toeni betri ndogo mkaichaji kwa chaja mpaka ijae, au fungueni tamino ya hasi, ni spana namba 10 na dakika moja, na mteja akija mwonyesheni mita ikiwa imepumzika usiku mzima, sio imejampwa asubuhi. Nyie wa traka, mimi nilipotaka kufungua tamino nikisafiri niliambiwa siruhusiwi, eti ikikatika wataona kama gari imeibiwa. Basi tuwekeeni traka inayolala gari ikiwa imelala, au tuambieni inakula miliampia ngapi tujue, maana deni tunalipa sisi na betri tunanunua sisi. Na nyie wenye gereji, vijana wetu, siwachukii, hakuna aliyewafundisha, lakini mita ni bei ya kuku wawili. Kabla hujamwambia mtu maneno ya milioni 14 fungua boneti upime volti 12, washa taa kubwa dakika tano gari ikiwa haiko READY uangalie kama inaporomoka chini ya 12, ukiona inaporomoka umeshapata jibu.

Mimi sasa kila Jumapili naiweka gari READY kwa muda wa saa mbili hivi nikiwa naosha na kupanga vitu vyangu, siiachi imechomekwa siku nyingi ikiwa imeshajaa maana kwa Leaf yangu niliona ndogo inashuka hata waya ikiwa ukutani, na nikisafiri zaidi ya wiki nimemwachia kijana wangu mkubwa funguo aiwashe kila siku ya nne. Mita iko ndani ya boksi la glavu.

Ile NS60 iliyokufa bado ninayo barazani, sijaitupa. Makanika yule nimemwita aje Jumamosi tuipime pamoja, na amekubali kuja na wenzake wawili.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa redio mstaafu, Bombo